Deni Linalosubiri Mavuno

Ukipita kwenye mabanda ya zana za kilimo wakati wa Nane Nane, iwe Nzuguni kule Dodoma au uwanja wa John Mwakangale jijini Mbeya, utaona mabango ya mkopo yamepewa nafasi kubwa kuliko sifa za injini: chukua mashine leo, lipa kidogo kidogo. Ukirudi nyumbani ukafungua redio, unakuta watu wanalalamikia mikopo kausha damu, jinsi inavyobeba makochi, televisheni na hata ng'ombe wa maziwa. Mjadala umegawanyika pande mbili. Wapo wanaoamini kwamba mkopo ndio utakaomtoa mkulima kwenye jembe la mkono, na wapo wanaoamini kwamba mkopo ni kitanzi tu, hata ukipakwa rangi ya kilimo. Naona pande zote mbili zinajikwaa mahali pamoja, kwa sababu zinauzungumzia mkopo kana kwamba mikopo yote ni ya aina moja. Historia ya mashine za kuvunia ngano zilizokokotwa na farasi nchini Marekani katika karne ya 19 inaonyesha kwamba kilichozifikisha mashambani ni masharti: deni lilidaiwa lini, nani alijifunga endapo mashine ingeshindwa kazi, na kipuri kilikuwa umbali gani kutoka shambani. Biashara yetu ya leo imechukua mkopo wa Wamarekani wale na kuyaacha masharti yake njiani.

Kwanza tuone shida yenyewe. Ngano ikishaiva haingoji. Mkulima ana siku kumi hivi, zikizidi kidogo ni bahati, kabla punje hazijaanza kupukutika au mvua haijalaza mabua. Mtu mwenye mundu alivuna nusu ekari kwa siku, akijitahidi sana ekari moja. Mwenye fyekeo refu lililofungwa vijiti vya mbao vya kukusanya mabua alifika ekari mbili hadi tatu. Kwa hiyo kikomo cha shamba kiliwekwa na mikono ya kuvunia. Mtu angeweza kulima na kupanda ekari 60 za ngano kwenye nyika za Illinois, ardhi ilikuwepo, lakini nani angezivuna? Majirani nao walikuwa wanavuna wiki hiyohiyo, na kibarua mzuri alidai dola moja hadi mbili kwa siku. Mashine iliyokokotwa na farasi ilipunguza shida hiyo, ingawa haikuimaliza. Gurudumu kubwa lililokanyaga ardhi lilizungusha meno ya chuma, meno yakapeleka kisu chenye makali ya msumeno mbele na nyuma, na mbao zinazozunguka juu zikainamisha mabua kuelekea kwenye kisu. Mabua yaliyokatwa yaliangukia ubao mpana, mtu mmoja akayavuta kwa reki, na nyuma yao watu watano au sita walikwenda wameinama wakifunga miganda kwa mkono. Ilikata ekari kumi au zaidi kwa siku. Farasi walikuwa tayari zizini, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kununua nguvu mpya.

Ukisikiliza hesabu hiyo utadhani wakulima waliikimbilia. Hawakufanya hivyo. Cyrus McCormick aliionyesha mashine yake hadharani mwaka 1831 katika Bonde la Shenandoah, Virginia, akiwa na umri wa miaka 22, kwa kazi aliyoirithi kwa baba yake Robert, aliyehangaika nayo miaka mingi, na kwa msaada wa mikono ya Jo Anderson, mtu aliyekuwa mtumwa katika shamba la familia hiyo. (Jina la Anderson halimo kwenye hataza ya mwaka 1834, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, na mtu yeyote anayeisimulia habari hii lazima amtaje.) Obed Hussey alikuwa amemtangulia kwa hataza yake ya Desemba 1833. Kule Uskochi, Patrick Bell, kijana aliyekuwa akisomea uchungaji, alikuwa amekwisha kutengeneza mashine iliyosukumwa na farasi kutoka nyuma mwaka 1828, na hakuiwekea hataza yoyote. Mashine zilikuwepo, tena zilikata. Hata hivyo miaka kumi baada ya onyesho lile la Virginia, McCormick alikuwa akiuza mashine za kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1843 aliuza 29, mwaka 1844 akauza 50.

Hapa ndipo inapoanguka hoja ninayoisikia mara nyingi kwa wauza zana na kwa baadhi ya wataalamu wetu, kwamba mashine nzuri hujiuza yenyewe na mkulima asiyenunua ni mwoga wa mabadiliko. Ni hoja dhaifu kuliko zote. Mkulima wa mwaka 1840 alikuwa na sababu nzuri za kusita. Mabua yakiwa na umande yalinata kwenye kisu, kisu kikakwama, na siku ikapotea. Chuma kilivunjika, na aliyekitengeneza alikuwa mamia ya maili mbali. Kuwekeza dola zaidi ya mia katika kitu kinachofanya kazi siku kumi tu kwa mwaka, na ambacho kikiharibika ndani ya siku hizo kinakuacha huna mashine wala vibarua, ni kamari. Mwenye akili aliikataa kamari hiyo. McCormick mwenyewe alikuwa ameonja uchungu wa deni kabla ya kumkopesha mtu: tanuri la chuma aliloendesha na baba yake lilianguka katika mdororo ulioanza mwaka 1837, likaiacha familia na madeni. Sitadai kwamba yaliyompata ndiyo yaliyomfundisha, lakini masharti aliyoyaweka baadaye yanafanana na ya mtu anayejua deni linavyouma lisipoendana na kipato.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mwanzoni alikuwa amewapa watengenezaji wengine ruhusa ya kuunda mashine zake katika miji mbalimbali, na baadhi yao walitoa kazi mbovu iliyomchafulia jina. Mwaka 1847 akahamia Chicago, mji uliokuwa bado na matope mpaka magotini, akajenga kiwanda kando ya mto ili kila mashine itoke chini ya macho ya familia yake. Kisha akaweka bei moja iliyochapishwa, inayojulikana na kila mtu, jambo geni wakati ambapo karibu kila kitu kiliuzwa kwa kupatana. Bei ilikuwa takriban dola 120. Mkulima alitoa kianzio cha dola 30 hivi, na salio lililipwa baada ya mavuno, kwa kawaida Desemba, likiwa na riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Pamoja na hayo alipewa udhamini wa maandishi: mashine ingekata ekari moja na nusu kwa saa, na ikishindwa angeweza kuirudisha.

Ukisoma masharti hayo taratibu unaona yanavyoshikana. Mashine ilifika kabla ya Julai, ikafanya kazi Julai, na mkulima hakudaiwa Agosti. Alipewa muda wa kupura ngano, kuipeleka kituoni kwa mkokoteni, na kuiuza. Desemba ilipofika fedha zilikuwa zimeshaingia, tena kwa bei ambayo hakulazimishwa kuikubali wiki ile ambayo kila mtu anauza. Udhamini nao ulimfanya muuzaji awe na hasara yake mwenyewe pale mashine ilipokwama, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kutuma fundi. Na fundi huyo alikuwa karibu. Wakala wa McCormick alikuwa mtu wa wilaya hiyohiyo, mara nyingi mwenye duka au mkulima mwenzao. Alipokea mashine vipandevipande kutoka kituo cha reli au bandari ya mto, akaziunga, akamfundisha mnunuzi namna ya kunoa kisu na kukaza mikanda, akatunza visu na meno ya akiba, akazunguka mashambani siku za mavuno, na mwisho wa mwaka akakusanya madeni. Huyohuyo aliyeuza ndiye aliyedai, na ndiye aliyekutana na mteja kanisani Jumapili. Mwaka ukiwa mbaya aliandika Chicago kueleza hali ya mazao, na mara nyingi deni lilisogezwa hadi mavuno yanayofuata.

Linganisha na mkataba wa kawaida wa zana kwetu. Rejesho linadaiwa kila mwezi, pengine kila wiki, kana kwamba mpunga unatoa mshahara. Nimeona mashine ndogo ya kuvunia mpunga ikilala chini ya mwembe msimu mzima kwa kukosa mkanda, huku mwenye nayo akipokea ujumbe kwenye simu kila Jumatatu kumkumbusha rejesho. Muuzaji alikuwa mkoa mwingine na alikuwa ameshalipwa na taasisi ya fedha siku mashine ilipotoka dukani. Kwake ile ilikuwa biashara iliyokwisha. Mkopeshaji hakujua chochote kuhusu mkanda na wala hakuwa na wajibu wa kujua. Mkulima alibaki katikati, akilipia chuma kilichosimama.

Wapo wanaopinga tafsiri hii kwa hoja nzito, na lazima wasikilizwe. Wanasema McCormick aliweza kungoja kwa sababu dunia ilikuwa upande wake. Mfereji wa Illinois na Michigan ulifunguliwa mwaka 1848, reli zikaanza kutanda kutoka Chicago mwaka huohuo, na Vita vya Crimea vya 1853 hadi 1856 vikapandisha bei ya ngano kwa kuifungia Ulaya nafaka ya Urusi. Baadaye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliondoa vijana mashambani, na aliyekuwa akisita akanunua. Mkulima wa Illinois alimiliki ardhi yenye hati, kubwa kiasi cha kuwa dhamana. Mwanauchumi Paul David alikokotoa mwaka 1966 kwamba mashine ililipa kwa mtu mwenye ekari 46 hivi za nafaka mwanzoni mwa miaka ya 1850, na wakulima wengi walikuwa chini ya kiwango hicho mpaka gharama za vibarua zilipopanda. Kwa mtazamo huu ujanja wa kuuza ulikuwa pambo tu. Bei ya ngano na uhaba wa vibarua ndivyo vilivyouza mashine.

Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Bila soko la ngano hakuna masharti ambayo yangemwokoa McCormick, na Uingereza ni ushahidi: mashine yake ilipata medali katika Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, baada ya gazeti la Times kuikebehi, lakini wakulima wa huko hawakuifuata kwa kasi ya Wamarekani, kwa kuwa vibarua walikuwa wengi na mashamba yamekatwakatwa na mitaro. Ila hoja hiyo haielezi kila kitu. Mwaka 1848 hataza ya kwanza ya McCormick iliisha na maombi yake ya kuiongezea muda yakakataliwa. Washindani wakajitokeza kila upande. Akajaribu mahakama. Alimshitaki John Manny wa Rockford, ambaye upande wake ulimwajiri miongoni mwa wengine wakili mmoja wa Springfield aitwaye Abraham Lincoln, na mwaka 1856 McCormick akashindwa. Bei ya ngano ilikuwa ileile kwa wote, uhaba wa vibarua uleule, na mashine za wapinzani zilikata vizuri, nyingine vizuri zaidi. Hussey aliyetangulia kwa hataza aliuza biashara yake mwaka 1858. McCormick alibaki mbele kwa sababu alikuwa na wakala, kipuri, udhamini na Desemba.

Hata kiwango cha ekari 46 kina jibu lake. Mwanauchumi mwingine, Alan Olmstead, alionyesha mwaka 1975 kwamba wakulima wengi hawakununua mmojammoja: walinunua wawili au watatu kwa pamoja, au mmoja akanunua na kuwavunia majirani kwa malipo. Hili linatugusa moja kwa moja. Kwenye skimu za mpunga za Mbarali hapa Tanzania na Mwea kule Kenya, mkulima wa ekari mbili hanunui mashine ya kuvunia, anaikodi kwa ekari. Mnunuzi halisi ni yule mwenye mashine anayezunguka skimu kwa skimu wiki chache za msimu, kisha anaegesha. Huyo naye anahitaji ratiba ya malipo inayojua kwamba kipato chake kinaingia kwa wiki hizo chache tu.

Hoja ya pili ya wapinzani ni ya kimaadili: deni ni deni, na wakulima wale wa Marekani walijikuta baadaye mikononi mwa makampuni. Hapa siwezi kumtetea McCormick moja kwa moja, kwa sababu mwisho wa habari yake si mzuri. Chama cha wakulima cha Grange, kilichoanzishwa mwaka 1867, kililalamikia kamisheni za mawakala, na tawi lake la Iowa likajaribu kuunda mashine ya kuvunia lenyewe katika miaka ya 1870. Lilishindwa na kuambulia madeni. Mwaka 1902, miaka 18 baada ya Cyrus kufariki, kampuni yake, ile ya mshindani wake Deering na nyingine tatu ziliunganishwa kwa msaada wa benki ya J.P. Morgan zikawa International Harvester, iliyoshika takriban asilimia 85 ya soko la mashine za kuvunia nchini humo. Wakati mawakala wanne waligombea shamba moja, mkulima alikuwa na nguvu ya kuchagua masharti. Walipounganishwa, nguvu hiyo ilipungua. Kwa hiyo funzo ninalolichukua ni kwamba masharti mema hayakutoka kwenye wema wa mtu. Yalitoka kwenye ushindani, na yalidumu pale ushindani ulipodumu.

Kuna tawi jingine la habari hii ambalo linafika mpaka kwetu. Mashine za mwanzo zilikata tu, kufunga miganda kukabaki kazi ya mikono. Miaka ya 1870 ikaja mashine ya kufunga kwa waya, lakini vipande vya waya vilibaki kwenye majani na wafugaji wakahofia mifugo yao. John Appleby akatengeneza kifaa cha kufunga fundo kwa kamba, William Deering akakichukua, na McCormick akafuata mwaka 1881. Tangu hapo aliyenunua mashine mara moja alinunua kamba kila mwaka. Kamba hiyo ilihitaji nyuzi ngumu za bei nafuu, zikatafutwa Ufilipino, zikatafutwa Yucatán huko Meksiko, na mwaka 1893 Richard Hindorf akaleta miche ya mkonge kutoka Florida hadi Afrika Mashariki ya Kijerumani. Iliyofika hai, 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashamba ya mkonge ya Tanga, Korogwe na Morogoro yalikua pamoja na haja ya dunia ya kufunga ngano na majani makavu. Manamba walioletwa kutoka Kigoma, Burundi na Msumbiji walikata majani hayo kwa kazi ya kipande. Hao hawakupewa udhamini wa maandishi wala Desemba. Ninapozisifu fadhila za mkataba wa Illinois nawakumbuka, kwa sababu mkataba mzuri huwalinda waliomo ndani yake tu, na mjadala wetu wa zana hauna budi kumtazama pia kibarua wa kufunga, kubeba na kupura ambaye mashine inamwondoa shambani.

Basi tunapaswa kudai nini? Kilimo Kwanza, mpango wa serikali ya Tanzania uliotangazwa mwaka 2009, uliingiza matrekta kutoka India kupitia SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, na kuyauza kwa mkopo, na kukusanya madeni kukawa mtihani mrefu. Watu walihitimisha kwamba wakulima si waaminifu. Kabla ya kufika huko tungeuliza kwanza ratiba ya malipo ilifuata msimu wa nani, na nani alikuwa na kipuri. Leo serikali ina nyenzo ambazo McCormick hakuwa nazo. Tuna stakabadhi ghalani, mfumo ambao mkulima huweka mazao ghalani na kupewa hati, tuna AMCOS, yaani vyama vya ushirika wa mazao, tuna malipo ya simu. Rejesho la mashine ya kuvunia mpunga linaweza kukatwa pale mzigo unapouzwa kutoka ghalani, miezi kadhaa baada ya mavuno, na mkulima akaepuka kuuza Juni kwa bei ya kutupa ili tu awahi tarehe ya mkopo. Kwa mwenye mashine anayekodisha, rejesho liende na ekari alizovuna, na msimu usio na maji usimhesabie adhabu.

Jambo gumu zaidi ni udhamini, na hapo ndipo ningependa Wizara ya Kilimo na Benki Kuu wakae meza moja. Taasisi ya fedha inayokopesha zana ishiriki hasara ya zana ikiharibika ndani ya msimu wa kwanza, au muuzaji asilipwe fedha zote mpaka msimu huo upite na mashine iwe imekata ekari zilizoandikwa kwenye mkataba. Wauzaji watapinga, wakisema bei itapanda. Itapanda kweli, kwa kiasi fulani, kwa sababu hasara ambayo leo inabebwa kimyakimya na mnunuzi itaonekana kwenye karatasi. Lakini mkulima anayeiona bei kamili kabla ya kutia saini anaweza kukataa, au kwenda banda la jirani kuulizia mashine nyingine yenye fundi wilayani kwake.